Nusu ya Evarista

Mkate na parachichi, sawa. Mkate na dagaa, tuseme njaa imembana mtu. Lakini parachichi pamoja na dagaa waliokaangwa, juu yake asali, kisha ukandamize slesi ya pili na kukata katikati, hicho ni chakula cha nani? Pale Ipogolo majirani walilijua jibu na hakuna aliyelitamka. Kilikuwa chakula cha Evarista, na Evarista hakuwepo.

"Hakuwepo" ndilo neno lililoruhusiwa. Kwa kina Mama Kulwa, upande wa Kilolo, pacha hafi. Mmoja akifumba macho, watu husema amekwenda kukata kuni. Hakuna kulia kwa sauti, asije akasikia akarudi kumchukua mwenzake. Aliyebaki haoneshwi maiti wala kaburi, na lile neno jingine halitajwi mbele yake. Wenye midomo myepesi watasema huo ni ushamba. Waache waseme; wao hawajazaa wawili wakabaki na mmoja.

Basi kila asubuhi Mama Kulwa, ambaye kanisani jina lake ni Benedicta, alitengeneza sandwichi moja kubwa, akaikata nusu kwa nusu. Nusu moja aliiweka kwenye sahani ya bluu, ndiyo ya Happy. Nusu ya pili aliiweka kwenye sahani ya bati yenye maua, akaifunika kwa bakuli na kuiacha pale pale mezani jikoni. Halafu alitoka kwenda bandani kulisha kuku. Akirudi, sahani yenye maua ilikuwa tupu.

"Amekula," alisema, na uso wake ukalegea.

"Ee, mama," Happy aliitikia, huku akijifuta mdomo.

Maana aliyekula alikuwa Happy. Tuliseme hilo mapema ili tusizungushane.

Walizaliwa pamoja, Evarista akitangulia, kwa hiyo yeye ndiye Kulwa na Happy ndiye Doto. Tangu utotoni kila kitu chao kilikatwa katikati: muwa, andazi, hata kipande cha sabuni. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, mama yao alisema, unaukaribisha ugonjwa ndani ya nyumba. Walipokua, kisu kikashikwa na Evarista, kwa sababu Evarista alikuwa mtu wa vituko vya jikoni. Alipata kazi kwenye kantini moja huko Mgololo, akawa anawatengenezea sandwichi za mayai watu wanaowahi zamu kiwandani, na kila aliporudi nyumbani alikuja na jaribio jipya. Maharage ya kiporo na ndizi mbivu. Karanga za kusaga na kachumbari ya pilipili. Msimu mmoja alikaanga kumbikumbi, akawatandaza juu ya siagi na kuwakamulia ndimu, na mjomba wao Sifaeli akala mpaka akaongezwa kabla hajauliza anakula nini.

"Mkate ni kitanda cha wageni," Evarista alipenda kusema. "Haukatai mtu."

Happy aliila nusu yake kwa kufumba macho. Yeye alikuwa mtu wa mkate mkavu na chai ya maziwa, basi, na hakuona aibu kusema.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, homa ya mapafu ilimkuta Evarista huko huko Mgololo, na ndugu walipofika walikuta shuka limeshavutwa mpaka juu. Happy hawakumleta karibu. Alipelekwa Kilolo kwa mjomba Sifaeli, akawekewa beseni la maji ya moto na kuku wa kunyonyoa. Siku dada yake anazikwa yeye alinyonyoa kuku mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepita uani alimwambia mwenzako amekwenda kukata kuni. Alikuwa mtu mzima jamani, fundi cherehani mwenye wateja wake kando ya barabara kuu. Alijua vizuri. Lakini kujua bila kuona ni sawa na kumeza bila kutafuna. Tonge linakaa kifuani, halipandi wala halishuki.

Aliporudi Ipogolo alimkuta mama yake hajaoga wala hajachana nywele. Mama Kulwa alikuwa analala kando yake, amefunga pindo la khanga kwenye mkono wake na pindo jingine kwenye mkono wa Happy, ili mtu asichukuliwe bila yeye kuamka. Asubuhi moja aliinuka, akatengeneza sandwichi ya kwanza, akaikata.

"Asipopewa chake," alisema, "atakifuata kwako."

Siku hiyo nusu ya Evarista ilishinda chini ya bakuli. Mama Kulwa alishinda naye akiitazama, midomo ikimcheza, na jua lilipoinama alisema kwa sauti ndogo, "Hajaja. Amekasirika." Chai yake ilipoa bila kuguswa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini siku ile hata Happy aliuona kwa macho.

Kwa hiyo kesho yake, mama alipotoka kwenda kwa kuku, Happy aliinua bakuli akala haraka haraka, akiwa amesimama. Mama Kulwa alirudi, akaiona sahani tupu, akaikumbatia kifuani. Kisha akabandika maji, akaoga, akavaa, akaenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sasa niambie, nani angemwambia ukweli? Wewe ungemwambia?

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Happy ilirefuka, kwa sababu kila asubuhi ilianza upya mezani.

Kwanza ulibadilika ulimi. Dagaa na asali, ambavyo zamani vilimtia kichefuchefu, vikaanza kuwa vitamu. Baadaye ikawa tamaa yenyewe. Happy alikuwa akikaa kwenye cherehani, anashona sare ya kwaya, ghafla mate yakamjaa kwa hamu ya yai la kukaanga na tunda damu, kitu ambacho hajawahi kukionja katika maisha yake. Hakumwambia mtu. Kesho yake aliinua bakuli, akakuta yai la kukaanga, na ndani yake tunda damu lililosagwa na uma, jekundu kabisa.

"Kaniambia jana," Mama Kulwa alieleza, akiokota pumba kwenye khanga yake. "Nimelala tu kidogo mchana, kaja. Kasema anataka hivyo."

Happy alikula. Ngozi ilimsisimka mpaka shingoni, na bado alikula mpaka makombo.

Mkate walinunua dukani kwa Mwanakhamisi, mtaa wa pili. Mwanakhamisi ni mzaliwa wa Mbeya, babu zake ni watu wa Pwani, na mila za Kilolo kwake zilikuwa habari za watu wengine. Siku ya matanga ndiye peke yake aliyethubutu kusema kwamba msiba usioliliwa hauondoki, akakatwa jicho na wazee akanyamaza. Siku moja Happy alikuwa anatoka dukani kwake, akaitwa.

"Kulwa! Umesahau mkate!"

Happy aligeuka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba aligeuka bila kusita. Mwanakhamisi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Astaghafirullahi. Nisamehe, mwanangu. Umecheka kama yeye."

"Nimecheka?"

"Sasa hivi, si umecheka hapo mlangoni? Mpaka nimesisimka."

Happy alichukua mkate wake akaondoka. Njia nzima alijaribu kukumbuka kicheko hicho, hakukiona popote.

Kulikuwa na harusi inakuja. Mchumba wake Asukile alikuwa Mnyakyusa mwenye duka la pembejeo Uyole, kule Mbeya, kijana mpole anayeuliza kwanza umeamkaje ndipo aseme shida yake. Pande zote mbili zilikwishakubaliana, mchungaji alishaambiwa, na gauni Happy alikuwa analishona mwenyewe. Kilichobaki ni yeye kuondoka. Hapo ndipo alipokwama. Akienda Mbeya, nani atakula ile nusu? Mama ataliinua lile bakuli asubuhi ya kwanza, akute mkate umekauka, na aseme Evarista amepanda basi kumfuata mwenzake. Presha anayo. Happy alimwona kabisa, ameanguka pale jikoni, na kuku wanaingia kupitia mlango ulioachwa wazi.

Akafikiria kuahirisha. Jioni moja Asukile alimpigia simu, wakaongea habari za kawaida, mvua na mbolea na kwaya itakayoimba, halafu Asukile akashusha sauti.

"Happy, naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza tu."

"Siku hizi nikiongea na wewe, kuna wakati naona aibu. Yaani najisikia kama naongea na shemeji yangu."

"Shemeji yupi?" Happy aliuliza, ingawa Asukile alikuwa na shemeji mmoja tu wa kuulizwa.

"Basi, achana nayo. Labda ni mtandao." Akacheka kicheko kifupi, akaaga mapema kuliko kawaida yake.

Mtandao! Watu wazima hatukosi pa kusingizia.

Siku chache baadaye alijipima gauni la harusi. Lilimpwaya. Alilipunguza kiunoni, na wiki iliyofuata likapwaya tena. Alilaumu sindano, akalaumu kitambaa, akalaumu macho yake. Asubuhi ya Jumamosi, kwa kuwa hakuwa na kazi, alimfuata mama yake bandani ili amsaidie kufagia. Kuku walikuwa wanagombania kitu kwenye vumbi. Kilikuwa kipande cha mkate, kisu kimekikata vizuri katikati, na parachichi limepakwa.

"Mama, mkate huu umetoka wapi?"

Mama Kulwa hakuacha kufagia. "Si nusu yako. Unaiacha kila siku, nitaitupa? Nawapa kuku."

"Naiacha?"

"Siku nyingi. Mwenzako anakula vizuri, anamaliza mpaka makombo. Wewe ndiye huli, Happy. Umekonda mpaka naogopa."

Happy alisimama na ufagio mkononi. Alitafuta kichwani mwake ile sahani ya bluu, mara ya mwisho kuishika ilikuwa lini, chai aliyoinywa nayo ilikuwaje. Hakupata kitu. Aliikumbuka sahani yenye maua, kila mlo wake na kila utamu wake. Ya kwake ilikuwa imefutika. Alijiangalia mikono, akaona mifupa ya kiwiko imetokeza. Ndani ya mwili ule kulikuwa na mtu anayekufa njaa, na mtu huyo hakuwa Evarista.

Kesho yake aliamua hatakula.

Alikaa kwenye kigoda jikoni, mikono imebanwa katikati ya magoti. Harufu ya dagaa ilipenya chini ya bakuli, na njaa aliyoisikia haikuwa ya tumbo peke yake. Ilikuwa inatoka mpaka kwenye kucha. Mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe, mara mbili aliurudisha. Aliogopa kweli kweli. Malori ya Tunduma yalikuwa yananguruma kule barabarani, akajilazimisha kuyasikiliza hayo.

Mama Kulwa aliingia, akaweka kopo la pumba, akainua bakuli. Mkate ulikuwa pale, parachichi limeanza kuwa jeusi pembeni.

"Hajala," alisema.

"Hajala, mama."

"Mwite."

"Nimwite wapi?"

"Mwite, Happy, usinichezee. Mwenye safari ni wewe, hatoki mtu humu huyu akiwa na njaa."

Happy akaona bora iwe leo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Alivuta sahani yenye maua, akaushika mkate, akauma mbele ya mama yake, akatafuna na kumeza. Akala tena. Machozi yalikuwa karibu lakini sauti ilitoka imara kuliko alivyotegemea.

"Ni mimi, mama. Tangu siku ile ya kwanza. Nilikuonea huruma. Hakuna mtu anayekuja hapa, ninayekula ni mimi."

Alisubiri mama yake aanguke. Alikwishasogeza mguu ili amdake. Lakini Mama Kulwa alivuta kigoda kingine, akakaa mbele yake, akamtazama kwa utulivu, kama mzazi yeyote anavyomtazama mtoto aliyekuwa mgonjwa akianza kula.

"Kwani ulidhani mimi sijui?"

"Mama?"

"Ulidhani atakula kwa mdomo wa nani?"

Happy aliacha kutafuna.

"Nasimama pale bandani," Mama Kulwa aliendelea, sauti ikiwa ya chini na tamu, "naangalia kwenye upenyo wa dirisha. Kila siku naangalia. Wewe mkate unaumaga katikati, tangu mtoto. Yeye anaanza na ukingo. Anauzunguka wote, ndo anaingia ndani. Hebu angalia hapo mkononi."

Happy aliangalia. Ukingo wote ulikuwa umeliwa, mduara mzima, na katikati pamebaki pazima.

Aliurudisha mkate kwenye sahani taratibu, kama mtu anayeshusha kitu kinachoweza kuuma.

"Nenda Mbeya, mwanangu," Mama Kulwa alisema. "Asukile kijana mzuri, mimi sijakataa. Ila mwenzako mwache hapa kwangu."

"Nitamwachaje, mama?"

"Sijui." Na hapo sauti ya mama ikavunjika. "Ndo maana nakuuliza wewe. Nimefikiri, nimeshindwa. Nakuuliza wewe utamwachaje."

Happy alimpenda mama yake kuliko siku zote, na wakati huo huo alimkasirikia hasira ambayo hakujua kama anayo. Aliona mbele yake jinsi itakavyokuwa. Atakaa jikoni hapa, atazeeka hapa, analisha mtu kwa mdomo wake mpaka abaki mdomo tu. Na mama atachungulia dirishani, ashukuru Mungu kwamba mtoto anakula. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na walikwishaufunga kwa neno lile wasilolitaja.

"Mama," alisema, "Evarista amekufa."

"Nyamaza."

"Amekufa Mgololo. Mkamzika, na mimi nanyonyoa kuku."

"Happy, nyamaza, atakusikia!"

"Amekufa, mama, na mimi sijamlilia!"

Kofi likampata mdomoni. Lilikuwa kofi la kuziba, halikuwa la kuadhibu, na kiganja cha Mama Kulwa kilibaki pale pale usoni mwa bintiye, kimebana. Happy alihisi chumvi ya damu kwenye mdomo wa chini. Hakukitoa kile kiganja. Alisema kupitia vidole vya mama yake, mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema: "Amekufa."

Mkono wa mama ulilegea, ukashuka. Ikatoka sauti. Mwanzo ilikuwa ndogo, ungedhani kuna mtu anakohoa chumba cha pili. Halafu ikakua, ikajaza jikoni, ikatoka nje na kuwatawanya kuku, ikafika barabarani. Ilikuwa imekaa ndani ya mwanamke yule tangu mwaka juzi, na ilipopata njia haikuomba ruhusa. Happy aliteleza kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni, akakishika kiuno cha mama yake, akalia naye kwa sauti. Alilia kwa kuku wa Kilolo, kwa kaburi ambalo hajaliona, kwa kitanda cha wageni na wageni wake wote.

Kilio kama kile Ipogolo hakipiti bila kuitikiwa. Wa kwanza kufika alikuwa Mwanakhamisi, ameacha duka wazi, mtandio ukimwanguka begani. Nyuma yake walikuja wanawake wa kwaya na jirani wa nyumba ya juu, mikono kichwani. Wakajaa mlangoni.

"Nani amekufa, Mama Kulwa?" aliuliza jirani. "Nani jamani?"

Happy aliacha kulia. Aliinua uso kumtazama mama yake, kwa sababu mama angeweza hata sasa kujifuta macho na kusema hakuna kitu, ni tumbo tu, nendeni mkaendelee na kazi zenu. Kesho mkate ungekatwa tena.

Mama Kulwa aliwatazama wanawake wale. Akaitazama sahani yenye maua.

"Evarista," alisema. "Mwanangu Evarista."

Wakatazamana. Hawa ndio waliopika kwenye msiba ule, waume zao ndio walioshika jeneza. Mmoja wao alifungua mdomo kutaka kukumbusha, na Mwanakhamisi akamdaka kifundo cha mkono, akambana. Kisha alivua ndala mlangoni, akaja akakaa sakafuni, bega kwa bega na mfiwa. Wengine nao wakavua, wakakaa.

"Pole sana, mwenzangu," Mwanakhamisi alisema. "Lini?"

"Sasa hivi," Mama Kulwa alijibu. "Alikuwa anakula."